Toa Hiyo Kwaya, Mwanangu

Mhariri, swali lenu la wiki kwa wasomaji lilikuwa fupi: "Bando lako la intaneti linaishia wapi, kwenye faida au kwenye kupoteza muda?" Nilicheka, kisha nikakasirika. Swali hilo mke wangu huniuliza kila mwisho wa mwezi, na yeye walau ananipikia.

Langu linaishia kwenye vita vya zamani, maajabu ya asili na kwaya za kanisani. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi hapa Kirumba, Mwanza, na Jumapili naimba sauti ya nne. Usiku, mikono bado inanuka petroli, naangalia radi za Catatumbo kule Venezuela, zinazopiga juu ya ziwa Maracaibo usiku baada ya usiku. Wakati huohuo Ziwa Victoria linapiga radi zake nje ya dirisha langu bure kabisa, na sitoki kuziona. (Wavuvi wa dagaa wanaozikimbia huko majini hawaziiti maajabu.)

Faida ipo, msinibishie. Shuleni Vita Kuu ya Kwanza niliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Ni kwenye simu nilikojua kwamba Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa hili hili kwenda kuishambulia Bukoba, na kwamba mwaka uliofuata wakaichukua Mwanza. Hukohuko nikajua kwamba mwishoni mwa Machi 1979 Libya ilituma ndege aina ya Tupolev-22 kuja kuipiga Mwanza ili kumsaidia Amin, na mabomu yakakosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Saanane naiona kila nikijaribu injini majini. Nimezaliwa hapa na hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi nilikaa niwaandikie: faida, jina langu, kwisha. Ila kalamu imekwama kwa baba mdogo.

Mwaka jana alikuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki, akalala kwetu siku nne. Ni mtu wa maneno machache. Mwaka 1978 alikuwa mgambo, wakachukuliwa kwenda Kagera, na kutoka Kyaka akatembea kwa mguu hadi Masaka. Hayo tunayajua kwa sababu ya marehemu baba. Yeye mwenyewe hasimulii. Siku ya pili umeme ukakatika. Nikaona nimfurahishe mzee: nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikamwekea video ya Vita vya Kagera. Picha za zamani, magari kwenye tope, daraja la Kyaka limevunjwa, vijana wamekaa juu ya lori wanacheka. Chini ya picha mtengenezaji alikuwa ameweka kwaya.

Nikaitambua mara moja. Ni Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi, zile nyimbo zake za kanisani ziitwazo Mkesha, za 1915, wimbo wa tano, ambao mwishoni besi hushuka ngazi kwa ngazi hadi mahali ambapo mimi nikijaribu hutoka pumzi tupu. Nikaanza kumweleza, kwa fahari, kwamba huyu Mrusi aliutunga katikati ya vita, mwaka uleule wa Bukoba, na kwamba alitamani wimbo huo uimbwe kwenye mazishi yake.

"Wanasema nini?"

"Ni wimbo wa Simeoni, baba. Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako kwa amani."

Akanyamaza. Kwenye kioo lori lilikuwa linapita.

"Toa hiyo kwaya, mwanangu."

Nikazima sauti. Tukaendelea kuangalia bila sauti, mvua ikigonga bati. Baadaye akasema, bila kunigeukia, "Simeoni alikuwa mzee. Alishakiona alichokuwa anakisubiri. Hao wamekaa juu ya gari, wengi hawajaoa."

Nilidhani ameudhika na kwamba usiku umeishia hapo. Lakini tulipomaliza chai akaniambia, "Sasa niwekee wale Warusi. Picha usiweke." Nikageuza simu kifudifudi juu ya meza. Akasikiliza ameinamisha kichwa, mkono juu ya goti lile bovu, na besi zilipoanza kushuka akawa anazifuata kwa kidole, taratibu, kwenye kitambaa cha meza. "Hawa wanatua mzigo," akasema. Halafu, "Huu ni wa umri wangu."

Tangu hapo vita naangalia nimezima sauti, na hapo ndipo nilipogundua jambo la aibu: bila kwaya simalizi dakika tatu. Kumbe miaka yote ile sikuwa naangalia vita, nilikuwa nasikiliza muziki huku watu wanakufa. Kwa hiyo, mhariri, kwa upande wa vita andika kupoteza muda, ingawa habari ya Saanane siirudishi, na kama kesho itatoka video nyingine ya Bukoba nitaifungua, najijua.

Kwaya sijui muiandike wapi. Baba mdogo ana kitochi, hakiingii intaneti. Jumapili jioni nampigia kwa simu ya mke wangu, naishikisha kwenye spika ya simu yangu, na Warusi wanashuka hadi Magu. Bando ni langu ila dakika ni za mke wangu, na hajauliza zinaishia wapi.