Jibu: Chumba cha mjane wa nahodha, Lamu

Ndugu, umeuliza upambe vipi chumba cha mjane wa nahodha kwa ajili ya filamu, ili mtazamaji amjue kabla hajafungua mdomo. Anza na zidaka, yale matundu ya kuwekea vitu yaliyojengwa ndani ya ukuta. Wengi huzijaza vyombo vya kaure mpaka nyumba ikafanana na duka la watalii. Mama huyu anaishi humo: msahafu ukae kidaka cha juu, chini yake miwani, dawa za presha, chaja ya mjukuu. Kidaka kimoja kiwe kitupu, na duara safi katikati ya vumbi. Sahani iliyokuwapo imeuzwa, wala hakuna haja ya mtu kulisema.

Kiti cha enzi, kile kiti kikubwa cha heshima cha nyumba za Waswahili, alikikalia mume. Sasa kimebebeshwa kanga zilizokunjwa, naye anakaa mkekani karibu na mlango, chetezo kando, majivu ya udi hayajamwagwa.

Kuta zisipakwe rangi mpya, tafadhali! Chokaa hubanduka kwa unyevu wa chumvi, acha ionekane.

Halafu pima kwanza. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi. Ukiingiza kabati kubwa, mpiga picha atakosa pa kusimama.