Mafundi Wanajibu: Mbao za Meli Zisipolala

SWALI: Naunda mfano wa HMS Victory, meli ya kivita ya Waingereza, kwa kipimo cha 1:100. Nimeshabandika mbao kumi upande wa kulia. Zikifika omo (mbele ya meli) zinapandana, mkuku (uti wa chini wa meli) umepinda, na tangu mvua ianze gundi inaachia. Natumia mvule. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Ndugu yetu, simama hapo hapo, usiongeze hata ubao mmoja. Mkuku umepinda kwa sababu umejaza upande mmoja pekee. Kila ubao ukikauka huvuta, na upande wa pili hauna wa kuvuta nao. Bandika mmoja kulia, mmoja kushoto, hadi mwisho.

Mbao hizo zinaweza kutoka. Zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika kumi, gundi nyeupe italainika, kisha uzing'oe polepole kwa kisu chembamba. Bana mkuku katikati ya mbao mbili nene zilizopigwa randa hadi ukauke ukiwa umenyooka. Jaza vipande vya mbao laini kati ya mataruma (mbavu za meli) ya mbele kabisa, kwani pale mbao hukunjwa sana na hazina pa kushika.

Sasa lala na msasa, namba 100 au 120. Weka ubao mwembamba juu ya mataruma yote: ukigusa taruma moja na kuruka la pili, hapo pana kazi. Mataruma ya omo na ya tezi (nyuma ya meli) yanatakiwa kuchongwa ukingo mshazari ili ubao ulale mzima, usikae kwenye ncha. Wengi huiharakisha hatua hii, nasi tunasema ndiyo meli yenyewe.

Zinapandana kwa sababu upana wa meli si sawa kote. Tuseme katikati, kutoka mkuku hadi mstari wa juu, kipimo ni milimita 120. Kwa mbao za milimita 5, hizo ni mbao 24. Ukipima omo ukapata milimita 84, gawanya kwa 24: kila ubao uchongwe hadi 3.5 unapofika pale. Usishuke chini ya nusu ya upana; ikikulazimu, katisha ubao mmoja na kuuingiza ndani ya jirani yake. Nyuma hutokea kinyume: nafasi huongezeka, nawe huongeza kabari.

Mvule ni mti mzuri wa milango, lakini nyuzi zake zimepishana. Ukiupasua hadi milimita 1.5 hukatika ukiukunja. Tafuta saiprasi isiyo na fundo, hata masalio ya mafundi wa samani pale soko la Kibuye, Kisumu. Zikae ndani ya chumba unachofanyia kazi wiki mbili. Ziloweke maji ya uvuguvugu dakika 20, zikunje, ziache zikauke kabisa, ndipo utie gundi. Ubao uliobandikwa ukiwa mbichi husinyaa na kuacha mwanya. Kwa unyevu wa ziwani, hilo ndilo lililoachisha gundi yako.

Tabaka hili la kwanza la mbao ni la kushika umbo tu. La pili, la kulifunika, liwe na mbao za milimita 3, yaani sentimita 30 kwenye meli halisi.

SWALI: Kamba za milingoti nilizofunga kwa nailoni ya nyavu zimelegea. Unene upi unafaa kwa 1:100?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Nailoni hurefuka ikipata unyevu, tena inang'aa. Tumia uzi wa poliesta wa mafundi cherehani, usokote nyuzi kadhaa pamoja. Kamba nene inayoshika mlingoti mkubwa kwa mbele ilikuwa na mzingo wa inchi 19 kwenye Victory, yaani unene wa kama inchi 6, kwa hiyo kwako iwe kama milimita 1.5. Vipandio vya mabaharia (vikamba vya kukanyagia, vinavyofungwa kwenye kamba za kando za mlingoti) viachane milimita 4. Usivikaze: vikivuta, kamba za kando zitabonyea ndani kama kiuno cha nyigu, nawe utavikata vyote.