Kabla Hujachapisha Fulana, Uliza Jina

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Ujiji. Anasema babu yake mzaa baba aliondoka na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Burma, hakurudi. Baba yake alizaliwa huku nyuma. Leo ni mzee wa miaka 80 na ushee, na hajawahi kuona hata karatasi yenye jina la mzazi wake. "Kaka, shikamoo," ameandika. "Nimeona zile picha zenu za Kaboya. Na mimi nataka nimfanyie mzee kitu kama hicho kabla hajaondoka. Nianzie wapi?"

Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Mara ya kwanza nilijisikia, sifichi. Mara ya tatu niliona aibu, kwa sababu kijana kaona picha za safari yetu ya makaburini ya mwaka huu tu. Za mwaka juzi sikuziweka popote.

Basi ngoja nisimulie za mwaka juzi.

Baba yangu mdogo alikufa katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa na miaka 22, kashapita JKT na yuko mgambo hapa hapa Tabora. Tarehe 2 Novemba, siku Mwalimu aliposema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, kwetu Isevya hakukuwa na redio. Walikwenda kusikiliza kwa jirani, watu wamejaa mpaka uani. Baba mkubwa anasema mdogo wake hakungoja hotuba iishe. Alitoka, akaenda kukaza mnyororo wa baiskeli yake. Siku chache baadaye alipanda treni ya Mwanza pale stesheni, na ile baiskeli akamkabidhi kaka yake. "Nitunzie, nitaikuta."

Barua zilikuja mbili. Ya pili ilisema wameshavuka Mto Kagera na kwamba matope ya kule hajapata kuyaona. Baada ya hapo ikaja taarifa. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, watu walitoka barabarani kushangilia, na bibi yangu alikuwa kajifungia ndani. Waliomjia kwa matanga aliwajibu kwamba hawezi kuanua matanga yasiyo na maiti. Kafa na msimamo huo.

Mimi nimezaliwa baadaye. Nilichorithi ni picha moja ukutani na jina moja ambalo wote nyumbani tulilijua. Nilipopata kazi, na kufika umri wa kuonekana nami ni mtu kwenye vikao vya ukoo, nikaamua kwamba mimi ndiye nitakayemheshimu baba mdogo. Angalia hilo neno, "mimi ndiye". Ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nilifungua kundi la WhatsApp, nikapanga mchango, nikaenda kuchapisha fulana 20. Picha kifuani, jina mgongoni, chini yake "Shujaa Wetu". Kijana wa kuchapa alinipunguzia bei aliposikia habari yenyewe. Tukasafiri watu tisa: Nzega, Kahama, Runzewe, Biharamulo, Muleba. Safari yenyewe naiacha, kila mtu anajua basi lilivyo.

Kaboya, wilayani Muleba, ndiko yaliko makaburi ya mashujaa wa vita ile. Wamelala kule askari wetu zaidi ya 600. Tulipokelewa kwa heshima kubwa. Askari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa na orodha, akauliza tunamtafuta nani. Na mimi, kwa mbwembwe zangu, sikumjibu. Nikamgeuzia mgongo asome.

Akasoma. Akapitia orodha. Akasoma tena.

"Hayumo, mzee."

Namba yake ya jeshi? Hatuna. Kikosi? Hatujui. Alijiandikisha kwa jina gani? Hilo hilo. Una hakika? Nikampigia simu shangazi. Shangazi akacheka kwanza, halafu akanyamaza. "Hilo la nyumbani, mwanangu. Jeshini hakwenda na hilo." Alikwenda na lipi? Hakumbuki. Kasoma kwa jina jingine, la mjomba wake aliyempeleka shule, kwa hiyo labda ndilo, labda silo. Na mjomba mwenyewe aliitwa majina matatu.

Tulisimama pale watu tisa, migongo tisa yenye jina ambalo jeshi halikuwahi kulisikia. Tuliomba dua ya jumla kwa wote waliolala pale, tukarudi.

Jioni ile ile binamu yangu mmoja akaandika kwenye kundi: "Mmekwenda kumtafuta mtu msiyemjua." Akaweka na zile sura za kucheka. Huyu hakuwa amechanga hata shilingi mia tano. Bado inaniuma, na kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Ujiji, ushauri wa kwanza ni huo: jina. Usianze na fulana, wala jiwe, wala ng'ombe wa shughuli. Uliza alikuwa nani kwenye karatasi. Kwetu huku mtu mmoja ana jina la kuzaliwa, jina la msikitini au la ubatizo, jina la shule, na jina alilopewa na wenzake mgodini. Unayemjua wewe ni wa kwanza. Serikali inamjua mwingine.

Baada ya fedheha ile nilikwenda kwa baba mkubwa Jumapili nne mfululizo. Ya kwanza nilikwenda na daftari na simu ya kurekodi. Akanipa historia ya TANU. Ya pili niliacha daftari, nikachukua kahawa na kashata. Tukaongea habari za miembe. Ya tatu akaanza mwenyewe. Akasema bibi alikuwa na sanduku la bati, na sanduku liko Urambo kwa shangazi, chini ya magunia ya karanga. Kumbe shangazi huyo huyo! Amelalia sanduku miaka yote hiyo na hakuna aliyemuuliza.

Ndani ya sanduku kulikuwa na khanga mbili, stakabadhi za kodi, na zile barua mbili. Barua zenyewe hazikunisaidia. Kilichonisaidia ni bahasha. Nyuma, kwa mwandiko wa kulala, alikuwa ameandika anwani yake kamili: namba inayoanza na MT, kama zilivyo za askari wa JWTZ, kisha jina lake la msikitini, kisha jina la mjomba. Hata herufi moja ya jina la mgongoni kwangu haikuwemo.

Bahasha. Watu wanatunza barua na kutupa bahasha. Msitupe bahasha.

Kulikuwa na ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliifuata mara sita kuthibitisha ile namba, na mara sita nikaambiwa nije Alhamisi. Mara ya saba nilikwenda na baba mkubwa. Akaingia na fimbo yake, akasalimia kila mtu hadi mfagiaji, akauliza habari za nyumbani kwao, akakaa kwenye benchi na kutangaza kwamba hana haraka, amesubiri tangu mwaka 1979. Saa nane mchana tukawa na jibu. Nenda na mzee. Peke yako wewe ni mteja msumbufu. Ukiwa na mzee, mnakuwa familia.

Sasa niseme lililo moyoni, na anayeudhika audhike. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, simu zinajaa picha za mkuki na ngao. Unaweka, unapata mioyo hamsini, unakwenda kula. Mtu huyo huyo muulize: kwenu nani alikufa jeshini? "Kuna mjomba fulani." Mjomba fulani! Ana mama aliyemzaa, ana baiskeli aliyoiacha, na wewe unamwita fulani. Taifa litawaheshimu wote kwa pamoja, na hiyo ni kazi yake. Mmoja mmoja ni kazi yetu, na hatuifanyi. Nasema kama mtu aliyevaa ujinga wake mgongoni kutoka Tabora mpaka Muleba.

Na si vita vya zamani tu. Wapo wenzetu walioondokewa juzi juzi: wale saba wa Darfur, Julai 2013, na wale wa Semuliki, huko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017. Watoto wao wengine ndio kwanza wako sekondari. Kama ni familia yako, fanya leo. Toa kopi za kila karatasi yenye namba na jina kamili, mpe shangazi moja, mpe mjomba mmoja. Miaka 40 si mingi, panya wa Urambo wanajua.

Nirudi kwa babu wa Burma. Iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yake ya waliokufa katika vita zote mbili kuu iko kwenye intaneti, unatafuta bure. Karibu na Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan, kuna ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walikolala, na askari wa Afrika Mashariki wamo. Tafuta kwa jina lake, kisha livuruge. Andika Issa, andika Isa, andika Esa. Ondoa herufi ya mwanzo, badilisha r iwe l. Jina la Kiha lililopita kwenye sikio la karani wa Kiingereza linaweza kutokea upande wa pili likiwa mtu mwingine kabisa. Lakini kwanza kaa na mzee wako, umuulize babu aliitwa nani na nani. Najua narudia.

Kama anayetafutwa ni wa vita vya Mjerumani, hapo nakuhurumia. Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba, na pande zote mbili zilibebewa mizigo na watu wetu. Wapagazi walikufa zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa majina. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wa vita ile hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina maandishi ya kumwambia anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno matamu. Izunguke pande zote, hutakuta jina la mpagazi hata mmoja. Kwa hao, soma dua au peleka misa, na waambie watoto lile kidogo unalolijua bila kuongeza chumvi. Chumvi ndiyo inayoua habari za ukoo, maana mjukuu akigundua moja ni uongo, anazitupa zote.

Mwaka huu, mwezi Juni, tumerudi Kaboya. Tulikuwa watatu: baba mkubwa, shangazi wa Urambo na mimi. Bila fulana. Zile 20 watoto wa Isevya wanachezea mpira, na nimeshazoea kuona timu nzima yenye jina moja.

Safari hii nilikuwa na karatasi mkononi. Askari alisoma mara moja tu, akatangulia, sisi nyuma yake. Ilikuwa asubuhi. Baba mkubwa alivua viatu mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Akasema "mwangaluka", kama anavyosalimia mtu aliyemkuta kakaa barazani, akanyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa. Shangazi alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeshika simu ya kupigia picha na sikuweza kuiinua.

Kisha mzee akainama kwenye fimbo yake.

"Ile baiskeli niliiuza," akasema. "Mwaka ule ule. Shilingi mia nne. Fedha nilimpa mama, lakini mia moja nilibaki nayo."