Mwanangu, kuhusu Lawino na Ocol

Mwanangu mpenzi,

Salamu toka Arua, sote tuko wazima. Meseji yako niliisoma usiku nikaona hii siyo ya kujibu kwa simu. Umeniuliza, mama, mbona nikisoma Wimbo wa Lawino, lile shairi refu la mke wa kijijini anayemlalamikia mumewe Ocol aliyesoma na kudharau mila zao, nakuwa upande wa Lawino mwanzo hadi mwisho wakati mimi ndo Ocol mwenyewe, nimesoma, nakaa Kampala, kazi ya ofisi, je mwandishi wake, Okot p'Bitek wa Uganda, amenichezea akili?

Amekuongoza baba, ndiyo. Hakuna mwandishi asiyeongoza msomaji wake, ila wengi wanafanya kwa ubaya na yeye alifanya vizuri sana.

Angalia kwanza nani amepewa mdomo. Kile kitabu cha 1966 chote anaongea Lawino tu, na anaongea na nani? Mara anamgeukia mumewe, lakini mara nyingi ni ndugu wa ukoo wake. Yaani kabla hujaamua lolote ushakalishwa barazani kama mtu wa nyumbani anayesikiliza kesi ya dada yake. Alafu anakuambia mume wangu anasema mama yangu mchawi, anasema watu wa ukoo wetu ni wajinga kwa sababu wanakula panya, sasa hayo matusi si yamekuangukia na wewe? Ndo maana ulimchukia Ocol kabla hata hajafungua mdomo, maneno yake yote yamepita kwa Lawino.

Na Tina, yule mke wa kisasa, yeye hasemi hata neno moja. Tunamwona kwa macho ya mke mwenzie tu, midomo myekundu kama paka-mwitu aliyechovya mdomo kwenye damu. Ukicheka hapo basi ushamhukumu. Lakini mimi napenda sana kile kitu Okot anafanya palepale, anamfanya Lawino akiri kwamba wivu kidogo anao, kwamba si vizuri kudanganya. Mtu akikiri hivyo unamwamini zaidi kwa mengine yote, na mwandishi anajua hilo.

Usifikiri pia aliandika kwa kutomjua Ocol. Okot alienda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda mwaka 1956, akabaki kusoma, sheria kule Aberystwyth, baadaye Oxford. Shule ya Ocol alikuwa nayo mwenyewe, ila akachagua kumpa mwanamke wa kijijini zile sentensi tamu zote. Kwangu huo ni uamuzi wa mtu anayeona ni upande gani haujawahi kusikilizwa.

Sasa linganisha na Chinua Achebe wa Nigeria, riwaya yake Things Fall Apart ya 1958, maana yeye anakupeleka pagumu zaidi. Okonkwo, mhusika mkuu, ni mkali, anapiga wake zake, lakini mapema sana unaonyeshwa baba yake Unoka, madeni na aibu, kwa hiyo ukali wake unaujua umetoka wapi. Alafu siku ya kuuawa Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine aliyelelewa kwa Okonkwo, Achebe anakuingiza ndani ya kichwa cha yule mtoto, anatembea anamuwaza mama yake, anaimba wimbo kimoyomoyo, na panga la mwisho linatoka kwa Okonkwo, mtu anayemwita baba. Hapo unataka kufunga kitabu. Lakini kabla hujamtupa Okonkwo unaambiwa siku mbili hakula kitu. Halafu mwisho kabisa anakuja yule DC mzungu, mkuu wa wilaya wa kikoloni, anafikiria maisha ya mtu uliyetembea naye kitabu kizima yatamtosha aya moja kwenye kitabu chake, nawe unakasirika kwa niaba ya mtu uliyekuwa umemkasirikia. Hiyo hasira Achebe aliipanga tangu ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ukisoma jiulize umewekwa usimame wapi, karibu na nani, na nani hajapewa nafasi ya kusema. Haimaanishi ukatae kuguswa, mimi nimefundisha miaka mingi na bado Lawino ananigusa.

Na tafadhali soma Wimbo wa Ocol, ulitoka 1970, ni mfupi. Anakuja amechelewa, kesi ishaamuliwa, na ana kiburi kweli, lakini kuna mahali anamlilia mama yake anamuuliza mbona nilizaliwa mweusi. Mimi kama mama hapo nilimwonea huruma kuliko mahali pengine popote kwenye vitabu vyote viwili. Ukifika hapo niandikie kama na wewe bado uko upande wa Lawino, na useme ukweli wako usiangalie mimi nitafurahi au la.

Mama yako.