Kubandika rahisi, kubandua kazi: maswali yenu kuhusu plasta za watoto

Nilipoandika hapa juu ya kuosha vidonda vya watoto, nilidhani nimemaliza habari ya magoti yaliyochubuka. Maswali mliyonitumia karibu yote yaliuliza jambo ambalo sikuligusa hata kidogo: plasta itatokaje bila mtoto kuamsha majirani? Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi, na swali hili naliheshimu. Mtoto akishaumizwa na plasta, safari ijayo huanza kulia getini, kabla hata hajamwona musawo, yaani mganga.

Sista, mume wangu anasema plasta ivutwe mara moja kama mtu anayeng'oa nyasi. Mimi huivuta polepole, na mtoto analia muda wote ninaovuta. Nani yuko sawa?
Mama wa watoto watatu, Bombo

Mama, mume wako ana shahidi. Mwaka 2009 madaktari wa Townsville, Australia, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 65 wa udaktari. Kila mmoja alibandikwa plasta, nyingine zikavutwa haraka, nyingine taratibu, kisha akataja maumivu yake kwa namba kutoka 0 hadi 10. Za haraka zilipata wastani wa 0.92, za taratibu 1.58. Kwa hiyo haraka ilishinda.

Ila tazama waliobandikwa. Walikuwa watu wazima, wenye afya, ambao ngozi yao haikuwa na kidonda, na kilichopimwa kilikuwa kasi tu. Mtoto wako ana kidonda chini ya plasta, na ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, tabaka la juu la ngozi limeshikana na la chini kwa udhaifu mkubwa. Ukikwanyua kwa nguvu, gundi inaweza kuondoka na ngozi.

Mimi nimeliona hilo kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, zamu imenilemea, nilivuta tepu kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wa miezi saba, na ngozi ikaja nayo, kipande cha ukubwa wa ukucha. Mama yake hakusema neno. Alinitazama tu. Tangu siku hiyo sijavuta plasta kavu kwa mtoto.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nyote wawili mnashindana na gundi ambayo haijalegezwa. Ilegezeni kwanza. Paka mafuta kwenye kingo, ngoja dakika tano hadi kumi, kisha inua pembe moja kwa ncha ya kidole. Usiivute kwenda juu kuelekea dari. Ikunje irudi nyuma juu ya mgongo wake yenyewe, ikilala karibu na ngozi, huku kidole cha mkono mwingine kikiikandamiza ngozi pale pale inapoachia. Fuata upande ambao vinyweleo vimelalia. Pakigoma, ongeza mafuta, usiongeze nguvu. Kwa goti la mtoto wa miaka minne kazi yote haizidi robo saa, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja tu.

Mafuta gani? Huku kwetu hakuna hizo dawa maalumu za kulegeza plasta.
Baba, nje kidogo ya Gulu

Ndugu yangu, wewe unakaa penye mafuta bora kuliko mimi niliyeko Kampala. Mafuta ya shea, yale Waacholi wanayoyaita moo yaa, yanafaa sana. Shea ya Uganda ya kaskazini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, huyeyuka ikigusa ngozi na kuingia chini ya gundi bila kusuguliwa. Asiye nayo atumie vaselini, mafuta ya kumpaka mtoto, au hata ya kupikia, mradi ni safi na ni ya baridi.

Plasta ya kitambaa hunywa mafuta, hivyo unaweza kuipaka hata mgongoni. Ya plastiki haipitishi kitu, ianzie kingoni. Mafuta yasifike kwenye kidonda chenyewe. Na kama utabandika nyingine, osha ngozi kwa sabuni na uikaushe, la sivyo plasta mpya itateleza kabla ya chakula cha mchana.

Jirani yangu anaendesha boda. Anatoa plasta za wanawe kwa petroli, na kweli zinatoka. Ni sawa?
Msomaji, Mbale

Si sawa, na tafadhali mwambie leo. Petroli hulegeza gundi, kweli, lakini huunguza ngozi laini, mvuke wake humwingia mtoto kifuani, na penye jiko au kibatari itawaka moto. Mafuta ya taa vivyo hivyo. Dawa ya kufutia rangi ya kucha na spiriti pia ziacheni: zikigusa mchubuko zinachoma, na hapo mtamzidishia mtoto yale yale mliyotaka kumwepusha.

Shashi imegandamana na kidonda cha mjukuu wangu. Nikiigusa tu damu inatoka. Nifanyeje?
Bibi, kambi ya Nakivale

Bibi, hapo usitumie mafuta, tumia maji. Kilichogandisha shashi si gundi, ni damu na majimaji ya kidonda yaliyokauka ndani ya nyuzi. Chemsha maji, weka chumvi kijiko kimoja cha chai, kisizidi ukingo, kwa kila nusu lita, ukoroge, ufunike hadi yawe ya uvuguvugu. Lowesha shashi mpaka ijae kabisa, uache dakika kumi, uloweshe tena. Mpe mjukuu kitu cha kushika, msimulie hadithi, usiwe na haraka. Shashi itaanza kuelea yenyewe. Sehemu ndogo ikikataa, kata kwa mkasi safi kile kilichoachia, kilichoshika kibaki hadi kesho.

Siku nyingine paka vaselini safi kidogo kwenye shashi kabla ya kuiweka juu ya kidonda. Haitashika tena. Lakini kama kidonda kinanuka, kina usaha, au mtoto ana homa, mpeleke kituo cha afya kwanza.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja alilazwa kwa malaria kali. Tumetoka na kanula mkononi, turudi kesho kuchoma dawa. Tepu imezungushwa mkono mzima na ninaogopa sindano iliyobaki ndani. Naweza kuitoa mwenyewe?
Mama, Kasese

Hapana mama, usiitoe. Kwanza nikutoe hofu: hakuna sindano ndani ya mkono wake. Chuma kilitumika kuingiza, kikatolewa pale pale. Kilichobaki ni mrija laini wa plastiki. Unabaki kwa sababu artesunate, dawa ya malaria ya kuchoma mshipani, hutolewa saa ile ya kwanza, kisha saa 12 na saa 24 baada ya dozi hiyo ya kwanza, na hakuna anayetaka kumtoboa mtoto upya kila mara. Mkono ukivimba, ukiwa wa moto au mtoto akilia kila unapoguswa, usingoje kesho. Rudi sasa.

Siku ya kuitoa, una haki ya kumwomba muuguzi mambo mawili. Ampe mtoto muda: aloweshe tepu kwa maji safi au maji ya dripu kabla ya kuibandua. Na wewe umpakate, umnyonyeshe wakati kazi inafanyika. Kunyonya hupunguza maumivu ya mtoto mchanga wakati wa sindano, hilo limepimwa na kuthibitishwa, na kwa tepu pia nimeona linasaidia. Mrija ukishatoka, bonyeza pamba pale dakika mbili au tatu bila kuchungulia.

Nanyi wauguzi wenzangu mnaosoma: mkifunga tepu, kunjeni ncha yake iwe na sikio dogo la kushikia, na wekeni shashi chini pale ambapo gundi haihitajiki. Tukibandika kwa kufikiria kubandua, nusu ya kilio imekwisha.

Nafundisha chekechea. Mtoto mmoja hataki kabisa plasta yake iguswe. Tumemwambia haitauma, hasikii.
Mwalimu, Tororo

Mwalimu, hasikii kwa sababu alishawahi kuambiwa hivyo na ikauma. Mwambie kweli: "Utahisi inavuta kidogo. Ukisema ngoja, nitangoja." Halafu akisema ngoja, ngoja kweli. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, umeishiwa maneno.

Mpe kazi ya kufanya. Apake mafuta mwenyewe. Achague tuanzie upande wa kushoto au wa kulia. Wakati wa kubandua apulize kama anapoza uji, pumzi ndefu, maana mtoto anayepuliza hawezi kukaza mwili wote. Wadogo wataibandua wenyewe ukiwapa nafasi, na wanayoibandua wenyewe hawailalamikii. Akae wima, mapajani mwa mtu anayemjua. Kumlaza chali na kumshika mikono na miguu ni kitisho kikubwa kuliko plasta yoyote.

Nina ombi moja kwenu wote, wazazi na walimu. Acheni kusema, "Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Maneno hayo nakutana nayo wodini kila wiki, machoni pa watoto ambao sijawagusa bado.

Sista, kwa nini plasta ikitoka wakati naoga haiumi?
Msomaji wa miaka tisa, Jinja

Swali zuri mwanangu. Juu kabisa ya ngozi yako kuna tabaka la chembe zilizokufa. Ukikaa majini tabaka hilo hunywa maji na kuvimba. Gundi haipendi sehemu yenye maji, inaachia. Mwambie mama siku ya kubandua iwe siku ya kuoga vizuri, kwa maji ya vuguvugu.

Nimebandua plasta na ngozi ya mwanangu imebaki na alama ya mstatili: nyekundu, ina vijipele, anajikuna. Mara ya pili sasa. Mwingine ana doa jeupe tu.
Mama, Kisenyi

Hayo ni mambo mawili tofauti. Doa jeupe lililolainika na kukunjamana ni unyevu uliofungiwa. Liache wazi, likauke, saa chache litarudi. Rangi ya ngozi ikipungua kidogo kwa wiki kadhaa, nayo kwa kawaida hurudi.

Alama inayowasha na kufuata umbo la plasta, na inayojirudia, yaelekea ni mzio. Plasta nyingi za kitambaa, hasa zile nyeupe za kukata kwenye kibiringo, zina utomvu wa msonobari ndani ya gundi, na wapo watu ambao ngozi yao haipatani nao. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, usibandike kitu pale. Kidonda kikihitaji kufunikwa, weka shashi na uifunge kwa bandeji iliyofungwa fundo, au nunua plasta ya karatasi, ambayo hushika kwa upole na hutoka kwa upole. Vijipele vikijaa maji au kusambaa nje ya mstatili, nenda kliniki.

Na kitu kimoja kidogo ambacho wengi husahau: kwenye lile daftari la shule unalobeba kliniki, andika kwenye jalada kwa herufi kubwa kwamba mtoto huyu ana mzio wa plasta. Siku atakapolazwa usiku, na wewe umechoka hukumbuki kitu, muuguzi atakayemfunga dripu atalisoma kabla ya kukata tepu.