Kilo 10 za risasi ni nyingi mno

Dada, unauliza kwa nini ulipozamia na mtungi bwawani, kilo 4 za risasi (vipande vya madini vya kukuzamisha) zilikutosha, halafu baharini, kisiwa cha Mbudya, ukafungwa 10. Kweli, maji ya chumvi yanakuinua zaidi, lakini kwa wengi ongezeko ni kilo 2 au 3 tu. Risasi ikizidi, unalazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi la kuelea, na hewa hiyo hutanuka kadiri unavyopanda. Hapo ndipo mtu anapofyatuka juu bila kutaka, na mapafu yanaweza kuumia. Usilichukulie poa hilo.

Jipime mwisho wa mzamio, mtungi ukibaki na shinikizo la hewa la baa 50 hivi. Ukiwa juu ya maji, kidhibiti hewa (kifaa cha kupumulia) mdomoni, toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima bila kupiga miguu, zuia pumzi ya kawaida. Maji yakufike machoni. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukijipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 hivi, maana hewa nayo ina uzito, na mtungi huwa mwepesi unapoitumia. Punguza kilo mojamoja, mwalimu akiwa kando.

Vifaa vya kununua? Anza na miwani inayokukaa vizuri usoni. Jaketi kodi kwanza.