Matuta ya Bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Vuli imechelewa lakini maharage yameshika, na goti langu limetulia tangu nianze ile dawa uliyoniletea.

Umeniuliza kama watu wa Matombo, huku kwetu milima ya Uluguru, walipoasi mwaka 1955 walikuwa wanapigania uhuru, au walikuwa wamechoka kuchimba matuta basi. Unasema wenzako kazini wamebishana, na wewe Mluguru ukakosa la kuwajibu. Nitakujibu, ila nianze na shamba la Bibi yako, mama yangu, kwa sababu mimi siku zote nasema: watu walianza na udongo, bendera ikafuata. Umenisikia nikilisema hilo mpaka umelichoka. Lisikie tena.

Baada ya vita vya Hitler, Waingereza waliutazama mlima wetu wakaona kila masika udongo unashuka na kuingia mto Ruvu. Waliona sawasawa. Mwaka 1950 wakaanzisha mpango wao wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wakakataza kuchoma moto mashamba, kisha wakaja na matuta ya ngazi: mteremko ukatwe ngazi kwa ngazi. Kila mlipa kodi alipangiwa kipande chake cha kuchimba, na asiyetimiza alipelekwa barazani kutozwa faini au kufungwa. Mlipa kodi alikuwa mwanamume, lakini wanaume wangapi walikuwapo? Babu yako alikuwa anakata mkonge huko bondeni. Jembe lilibaki kwa Bibi yako, na mdogo wangu mgongoni.

Wewe umesomea udongo, kwa hiyo hili utalielewa upesi. Kwenye miteremko yetu ile, udongo mzuri ni tabaka jembamba tu la juu. Ukikata ngazi kwa kina walichotaka, ule mweusi unaufukia na mwekundu unaupandisha juu. Bibi yako alipanda mahindi kwenye tuta lake la kwanza, yakatoka ya njano. Yalichanua hayajafika kiunoni mwake. Nakumbuka akivunja hindi moja, akalimenya pale pale shambani, akahesabu punje kwa kidole gumba huku akitaja namba kwa sauti. Hakufika mbali. Akaniwekea lile hindi mkononi na kuniambia nikampelekee mjomba wangu.

Mjomba mwenyewe ni yule ambaye picha yake iko sebuleni kwa dada yako, amevaa koti na kofia. Ninyi mmekulia mjini, huenda uzito wa jambo hili hamuupati. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo unapita kwa mama. Kaka wa mama ndiye anayekugawia pa kulima, ndiye unayemkimbilia ukiwa na shida. Wazee wetu hawakuwa na mtawala mmoja wa mlima mzima. Waingereza ndio walioweka serikali za wenyeji kwa sheria ya 1926, wakawa na sultani juu na wandewa, yaani wakuu wadogo, chini yake, wote wa kulipwa mshahara. Matuta yalipokuja, amri ilipitia kwao. Na mjomba wangu alikuwa mndewa.

Nilimpelekea lile hindi. Alilishika, akaligeuzageuza, akaliweka juu ya meza karibu na daftari lake la majina. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata jina la Bibi yako lilisomwa barazani kwamba tuta lake la pili halijafikia kipimo. Alilisoma yeye mwenyewe, dada yake wa tumbo moja amekaa chini kwenye vumbi mbele yake, na mimi pembeni nimembeba mdogo wangu. Faini ililipwa kwa kuuza mbuzi. Mwanangu, nina umri huu, nimezika mume na nimezika ndugu, lakini sauti ile ikitamka jina la mama yangu bado inaniumiza kuliko mambo mengi niliyoyaona baadaye.

Ndiyo maana Julai ile ya 1955 watu walipokusanyika Matombo, hawakuwa na cha kujadili. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Serikali ikasema ni uchochezi wa TANU. Hapo ndipo ninapowakatalia wale wenzako wanaotaka kila kitu kiwe kimetoka Dar es Salaam. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Ilikuwa na umri wa mwaka mmoja! Sikatai kwamba watu wake walikuwapo Morogoro na walisema yao. Lakini Bibi yako hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba mahindi yake ni ya njano.

Jioni ile habari ilipanda mlima kabla giza halijaingia. Bibi yako alinikabidhi mtoto, akachukua jembe, akaenda kwenye tuta la juu kabisa akaanza kulivunja ukingo. Jirani naye akatoka na lake, halafu mwingine. Mawe yalikuwa yanabiringika kuelekea bondeni, na wanawake wanapiga vigelegele kama watu wa arusini. Sijawahi kumwona mama yangu amefurahi vile, wala kabla wala baada. Na mpango wenyewe ulikufa mwaka huo huo.

Sasa je, huo ulikuwa uhuru? Usiku ule hakuna aliyelitaja hilo. Ila watu walijifunza kwamba amri ya Mzungu inaweza kukataliwa ikakatalika, na aliyejifunza hivyo humrudishi nyuma. Kwingine ilikuwa vivyo hivyo. Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zao zikachomwa ili wazungu wapate malisho. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, akafika New York kuwasema Waingereza mbele ya Umoja wa Mataifa, wakati TANU haijazaliwa. Usukumani ilikuwa kulazimishwa kupunguza ng'ombe. Usambaani ilikuwa matuta kama kwetu. Kila mtu alikuwa na kidonda chake shambani kwake. Mwalimu na wenzake walichofanya, na si kidogo, ni kuwaambia hawa wote kwamba aliyewaumiza ni mmoja. Udongo kwanza, bendera baadaye. Bibi yako alinunua kadi ya TANU, na uchaguzi ulipokuja hakuruhusiwa kupiga kura, maana walitaka mtu mwenye elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Kadi aliitunza ndani ya kopo la chumvi.

Najua utakaloniambia. Utasema: mama, mbona mimi mwenyewe nafundisha watu fanya juu, yale matuta ya kutupia udongo upande wa juu, na ngazi, na wanachimba kwa hiari? Kweli. Na wa Mgeta wanalima mboga zao kwa ngazi miaka yote, na hakuna anayezivunja. Na Ruvu, maji mnayokunywa huko Dar es Salaam, inazidi kuchafuka. Mara nyingine nikiangalia ule mteremko wetu ulivyochanika baada ya masika, najiuliza kama usiku ule wa vigelegele hatukushangilia pia jambo lililokuja kutugharimu. Halafu nakumbuka lile hindi. Wewe unapokwenda kijijini unakaa na watu, unachimba shimo kuona udongo umelala vipi, mkulima akisema hapa hapafai unahamia pengine. Bibi yako hakuulizwa hata mara moja. Tena serikali yetu wenyewe nayo imewahi kutuletea kilimo cha amri, na nilinung'unika vile vile, nikiwa na bendera yangu.

Kwa hiyo waambie wenzako walikuwa wanakataa matuta, na humo humo ndimo uhuru ulimoanzia. Wasiporidhika waje waniulize mimi.

Limebaki la mjomba, ambalo hukuliuliza lakini najua dada yako amekuuliza kama ile picha ibaki ukutani. Baada ya Matombo nyumba yake ilipigwa mawe, akaacha undewa. Alikuja kwetu usiku na mkewe na watoto. Bibi yako aliwapikia ugali, akawatandikia mkeka, na hakumtupia neno mpaka kifo. Wapo ndugu wanaosema angeacha kazi mapema, siku ile ile alipoletewa hindi. Wapo wanaosema angeacha, wangemweka mwingine asiye wa ukoo, na faini zingekuwa mbili badala ya moja. Mimi sauti yake barazani naisikia bado, na ulimi unaniwasha kusema neno moja juu yake, mwanangu. Lakini mwenye haki ya kulisema alikuwa mama yangu, naye hakulisema. Mwambie dada yako picha ibaki.

Wasalimie wajukuu wangu, na mkeo mwambie kitenge nimekipata, kimenikaa vizuri.

Mama yako